Mashine ya makasia: Dakika 20 zinazomfaa mzazi mwenye magoti mabovu na muda finyu

Saa 12 jioni, jimu nyingi za mjini hufanana. Mashine za kukimbilia zimejaa, baiskeli nazo zina watu, na wanaosubiri zamu wanachezea simu. Lakini kwenye kona, karibu na ukuta, mara nyingi kuna mashine moja ndefu na nyembamba, yenye kiti kinachoteleza na mpini uliofungwa kwenye mnyororo. Hiyo haina foleni. Wakati mwingine imegeuzwa kuwa mahali pa kutundikia taulo.

Ni mashine ya kupiga makasia. Wengi huipita kwa kuwa hawajui inavyotumika. Wengine huikalia, wakavuta kwa nguvu zote kwa dakika mbili, mgongo ukalalamika, wakanyanyuka na hawakuirudia tena.

Hiyo ni hasara, hasa kwa mzazi. Chukua mfano wa mama wa watoto watatu anayeshinda ofisini au dukani akiwa ameketi, kisha anatumia saa nyingine mbili kwenye daladala au matatu. Akifika nyumbani kuna chakula cha kupika na madaftari ya kukagua. Uzito umeongezeka kidogo kidogo tangu mtoto wa mwisho azaliwe. Magoti yanauma akipanda ngazi. Kliniki ameambiwa presha imeanza kupanda na kwamba afanye mazoezi. Amejaribu kukimbia asubuhi, siku ya tatu goti likavimba. Baba naye ana hadithi yake: alicheza mpira akiwa kijana, leo akimkimbiza mwanawe uwanjani anaishiwa pumzi kabla hajafika golini.

Watu wa aina hii hawakosi nia. Wanachokosa ni zoezi linaloingia kwenye muda mdogo walio nao na lisiloumiza viungo. Mashine ile ya kwenye kona inaweza kuwa jibu lao, kwa sharti moja: waitumie kwa miguu, si kwa mikono.

Kasia, kafi na kiti kinachoteleza

Watu wa Pwani na wa maziwa makuu wanajua tofauti ya kafi na kasia. Anayepiga kafi hushika kipande cha ubao mikononi na kuutazama mbele anakokwenda. Anayepiga kasia huliegemeza kwenye ubavu wa chombo, huketi akiupa mgongo upande anaoelekea, na huvuta. Mashine ya jimu imeiga kazi ya huyu wa pili.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mvuvi na mwanamichezo. Kwenye chombo cha kawaida cha uvuvi, ubao wa kukalia hausogei. Mvuvi hutegemea zaidi mgongo, mabega na mikono. Kwenye mashua za mashindano, kiti kina magurudumu na huteleza mbele na nyuma juu ya reli. Kwa sababu hiyo mpigaji makasia hukunja magoti, kisha huusukuma mwili wake kwa mapaja, misuli ambayo ni miongoni mwa mikubwa zaidi mwilini. Mashine ya mazoezi nayo ina kiti cha namna hiyo.

Aina inayoonekana zaidi kwenye jimu leo ilianzia Vermont, Marekani, ambako mito na maziwa huganda wakati wa baridi na wapiga makasia hukosa pa kufanyia mazoezi. Mwaka 1981, ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa tayari wanatengeneza makasia kupitia kampuni yao ya Concept2, waliunda mashine yao ya kwanza wakitumia gurudumu la baiskeli. Dick mwenyewe alikuwa ameshiriki mchezo huo katika Olimpiki ya 1972. Leo mashine hizo zina mashindano yake, na tangu mwaka 2018 yapo mashindano ya dunia ya kupiga makasia ndani ya ukumbi.

Afrika Mashariki nayo ina majina yake katika mchezo huu. Kathleen Noble aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Tokyo na akarudi tena Paris mwaka 2024. Asiya Sururu wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, aliiwakilisha Kenya katika michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, akishindana katika kundi la wanaotumia mikono na mabega pekee, ambao kiti chao hufungwa kisisogee. Ni ukumbusho kwamba hata mtu mwenye ulemavu wa miguu anaweza kufanya zoezi hili, mradi kiti kirekebishwe na awepo wa kumwelekeza.

Mwili unapata nini?

Faida ya kwanza ni moyo na mapafu. Misuli mingi inapofanya kazi kwa pamoja, inahitaji oksijeni nyingi, hivyo moyo husukuma damu kwa kasi na pumzi hupanda. Ukifanya hivyo mara kwa mara kwa wiki kadhaa, moyo huzoea na huifanya kazi ileile bila kuhangaika. Ngazi zilizokuwa zikikuchosha huanza kuwa nyepesi. Mazoezi ya aina hii pia husaidia kushusha shinikizo la damu na kuufanya mwili utumie vizuri insulini, jambo lenye maana kwa familia zenye historia ya kisukari.

Faida ya pili ni misuli. Mvuto mmoja huanzia kwenye vigimbi, mapaja na makalio, ukapita tumboni na kiunoni, ukaishia mgongoni, mabegani na mikononi. Mtu aliyeshinda akiinamia kompyuta, cherehani au simu hupata nafasi ya kuirudisha nyuma mifupa ya mabega na kuamsha misuli ya mgongo iliyolala mchana kutwa.

Faida ya tatu ndiyo inayowagusa wenye magoti mabovu na uzito mkubwa. Ukikimbia, kila hatua mguu hutua ardhini na uzito wa mwili hulishukia goti kwa kishindo. Kwenye mashine ya makasia umeketi, nyayo hazibanduki kwenye vibao vyake, na hakuna kishindo. Goti linafanya kazi, lakini halipigwi. Kama likikunjwa sana linauma, huna haja ya kuteleza hadi mbele kabisa. Ishia pale ambapo haliumi, halafu sukuma.

Kwa upande wa uzito, mtu wa kilo 70 akipiga makasia kwa kasi ya wastani kwa nusu saa hutumia takriban kalori 250. Si haba, lakini si muujiza. Chapati moja kubwa ya mafuta pamoja na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari nyingi vinaweza kuzirudisha zote kabla hujafika nyumbani. Anayetaka kupungua lazima atazame na sahani yake.

Kuna jambo moja ambalo mashine hii haifanyi vizuri. Kwa kuwa unaketi na hakuna kishindo, mifupa ya miguu haipati mshtuko ule mdogo unaoisaidia kubaki imara. Kwa sababu hiyo, kutembea kwa miguu bado kuna nafasi yake, hasa kwa akina mama waliovuka miaka 40.

Nguvu iko miguuni

Kosa la wageni wa mashine hii ni lilelile kila mahali: wanashika mpini na kuvuta kwa mikono. Mikono huchoka haraka, mtu hujikunja, na kazi yote huhamia kiunoni. Hapo ndipo maumivu ya mgongo yanapoanzia.

Mvuto sahihi una mpangilio mmoja rahisi kukariri. Wakati wa kuvuta: miguu, mgongo, mikono. Wakati wa kurudi: mikono, mgongo, miguu.

Anza ukiwa mbele. Magoti yamekunjwa, miundi imesimama wima, mikono imenyooka, na mwili umeinama mbele kidogo kutokea kwenye nyonga, si kwa kupinda mgongo. Sukuma kwa miguu kana kwamba unataka kukisukuma kile kibao cha nyayo kiende mbali nawe. Mikono bado imenyooka. Miguu ikikaribia kunyooka, egemeza mwili nyuma kidogo. Mwisho kabisa ndipo mikono ivute mpini hadi chini ya kifua, viwiko vikipita karibu na mbavu.

Kurudi ni kinyume chake. Nyoosha mikono kwanza, inamisha mwili mbele, na mpini ukishavuka magoti ndipo uyakunje. Ukikunja magoti mapema, mpini utayagonga, au utalazimika kuunyanyua juu yake, na mpangilio wote utavurugika.

Rudi taratibu. Kama kusukuma kumechukua hesabu ya moja, kurudi kuchukue hesabu ya mbili. Huo ndio muda wa kupumzika na kuvuta pumzi. Toa pumzi unaposukuma. Usiibane, hasa kama una presha, kwa sababu kubana pumzi huku unatumia nguvu huipandisha presha ghafla.

Kabla ya kuanza, angalia pia mambo haya:

Mikanda ya miguu ipite juu ya sehemu pana ya unyayo, karibu na vidole, si kwenye kifundo.

Shika mpini kwa kulegea, kama unavyoshika mpini wa ndoo nyepesi. Ukiukaba, viganja vitatoka malengelenge na mabega yatapanda hadi masikioni.

Wenzo wa pembeni ya gurudumu la upepo, ambao kwa kawaida una namba 1 hadi 10, uweke kati ya 3 na 5. Wengi hudhani 10 ndiyo ya mashujaa. Namba kubwa huufanya mvuto uwe mzito na kuuchosha mgongo. Ukali wa zoezi hutokana na nguvu ya kusukuma kwako, si namba hiyo.

Shika kiti kwa mkono unapokaa na unapoinuka, kwa sababu kina magurudumu na kinaweza kukukimbia.

Angalia mavazi. Dera, kanga, mtandio mrefu au hata shati linaloning'inia nyuma vinaweza kunaswa na magurudumu ya kiti. Vaa nguo inayoishia kiunoni au ichomeke vizuri.

Wiki nne za kuanzia

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Shirika hilo lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima duniani, yaani watu wapatao bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho katika mwaka 2022. Kwa hiyo mzazi anayeona aibu kuwa ameachwa nyuma ana wenzake wengi.

Anza na siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja katikati.

Wiki ya kwanza: piga makasia dakika tano, pumzika dakika mbili, kisha dakika tano nyingine. Usitazame kasi. Tazama mpangilio wa miguu, mgongo na mikono.

Wiki ya pili: vipindi vitatu vya dakika nne, ukipumzika dakika mbili kati yake.

Wiki ya tatu: vipindi vitatu vya dakika tano.

Wiki ya nne: vipindi viwili vya dakika kumi. Ukiona unaweza, unganisha ziwe dakika 20 mfululizo.

Katika wiki zote hizo, mivuto 18 hadi 24 kwa dakika inatosha. Kioo kidogo cha mashine huonyesha namba hiyo. Kipimo kizuri cha ukali ni mdomo wako: kama unaweza kuzungumza sentensi fupi lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri. Kama unaweza kuimba ubeti mzima, ongeza nguvu. Kama huwezi kutamka maneno matatu, punguza.

Siku tatu za dakika 20 ni dakika 60. Ili kufikia zile 150, ongeza dakika 30 za kutembea kwa haraka katika siku nyingine tatu. Kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, au kuwasindikiza watoto shule kwa miguu, kunahesabika.

Nani aulize daktari kwanza?

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, maumivu ya mgongo yanayoteremka mguuni au aliyewahi kuzimia akifanya mazoezi asianze kabla ya kuzungumza na daktari. Mgongo wa chini ndio sehemu inayoumia zaidi kwa wanamichezo wa mashua, kwa hiyo mwenye tatizo la pingili anahitaji ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia kwanza.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sana sukari apime kabla na baada ya zoezi, na awe na kitu cha sukari karibu. Akitetemeka, akatoka jasho baridi au akachanganyikiwa, aache mara moja na anywe au ale kitu hicho.

Mama mjamzito aulize kliniki, maana tumbo likikua hubadilisha mkao na mpini hukosa nafasi. Aliyejifungua asiharakishe, na aliyejifungua kwa upasuaji asirudi kwenye kuvuta kabla hajaruhusiwa na mhudumu wake. Mkojo ukivuja wakati wa kusukuma, hiyo si aibu ya kuficha. Ni dalili kwamba misuli ya nyonga bado inahitaji msaada, na msaada huo upo.

Kwa yeyote, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusikopungua baada ya kupumzika ni sababu ya kuacha na kwenda hospitali, si ya kujikaza.

Kununua au kwenda jimu?

Mashine nzuri ni ghali, na inahitaji nafasi. Yenye gurudumu la upepo, kama zile za jimu, hufikia urefu wa karibu mita 2.4, ingawa baadhi hutenganishwa vipande viwili au kusimamishwa ukutani. Zipo pia zinazotumia maji, sumaku, au mitungi midogo ya mafuta. Hizi za mwisho huwa ndogo na nafuu. Za upepo zina kelele, jambo la kufikiria kama kuna mtoto mchanga au jirani wa ukuta mmoja.

Kabla ya kutoa pesa, itumie ya jimu kwa miezi miwili. Ukiona bado unairudia, hapo ndipo uanze kuweka akiba. Nyumba nyingi zina mashine iliyonunuliwa Januari na kugeuka kamba ya kuanikia nguo ifikapo Aprili.

Ukiwa nayo nyumbani, watoto wadogo wakae mbali. Kidole kinaweza kubanwa kati ya kiti na reli, au kwenye mnyororo unaporudi kwa kasi. Mashine iliyosimamishwa wima ifungwe vizuri, maana mtoto akiining'inia inaweza kumwangukia. Mtoto mkubwa anayetaka kujaribu asimamiwe, na nyayo zake zifike vizuri kwenye vibao.

Na asiye na mashine wala pesa ya jimu? Kanuni ya nguvu kutoka miguuni haihitaji mashine. Keti kwenye kiti kigumu, simama bila kujishika, keti tena, mara kumi. Hapo umefanyisha kazi mapaja na makalio. Kwa mgongo, funga mpira mpana wa mazoezi kwenye nguzo imara, shika ncha zake mbili, simama wima na uvute viwiko nyuma mara kumi. Kagua kwanza kama mpira haujachanika, usije ukakurukia machoni. Pumzika dakika moja, rudia raundi tatu, kisha toka utembee.

Hilo la mwisho linaweza kufanywa na familia nzima sebuleni. WHO inapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mtoto hujifunza zaidi kwa anachokiona kuliko anachoambiwa. Anayemwona mama yake akihesabu hadi kumi huku anatoka jasho, kesho atakuja kuhesabu naye.

Leo jioni, kama unapita jimu, usisubiri foleni ya mashine za kukimbilia. Nenda kwenye kona, ondoa taulo lililotundikwa, weka wenzo kwenye namba 4, na upige dakika tano tu. Sukuma kwa miguu. Halafu rudi keshokutwa.